Tredingi ku simu: kila mutu na namna inayoendana na tabia yake

Pembeni ya barabara, chini ya parasoli, makambisti wawili wanaweza kukaa meza jirani na kufanya kazi mbili tofauti. Wa kwanza anauza na kununua dola siku nzima. Faida yake ni franka kidogo kwa kila mteja, na jioni anarudi nyumbani bila kuhangaikia bei ya kesho. Wa pili ananunua dola, anaziweka, anangojea. Mwaka wa 2023 kungojea kulilipa: dola ilianza mwaka ikiwa karibu franka 2 000 na ikaumaliza ikipita 2 600. Lakini mwaka wa 2025, wakati franka ilipata nguvu kwa haraka, mwenye kungojea ndiye aliyeumia.

Leo vijana wengi wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia wanafanya kazi inayofanana na hiyo ku simu. Wanauza na kununua feza za kigeni, sanasana ero na dola, kupitia kampuni ya intaneti inayoitwa broka. Ni foreksi, ao tredingi. Wengi wanaingia kwa kufuata namna ya rafiki, bila kujiuliza kama inaendana na tabia yao na maisha yao.

Namna ine za kufanya kazi

Skalpingi. Mutu anafungua oda na kuifunga kisha sekunde ao dakika chache, mara nyingi kwa siku. Inaomba mutu mwepesi wa kuamua, asiyebaki na kinyongo akipoteza. Inaomba pia intaneti isiyokatika. Pale umeme unakatwa kila mara, oda inaweza kubaki wazi wakati simu imezimika. Kisha kuna gharama: kama kambisti, broka ananunua kwa bei moja na kuuza kwa bei ya juu kidogo. Tuseme tofauti hiyo ni senti 10 za dola kwa oda ndogo ya ero 1 000. Oda 20 kwa siku zinakula dola 2. Mwenye konti ya dola 50 anapashwa kupata dola 10 kwa juma ili tu asirudi nyuma.

Biashara ya siku moja. Oda inafunguliwa na kufungwa siku ileile. Hakuna kinacholala wazi. Inafaa mutu ambaye hapati usingizi kama feza yake iko inje. Soko linachangamuka zaidi wakati London na New York wote wako kazini, ni kusema alasiri, kati ya saa 15h00 na 18h00 ya hapa kwetu. Mwalimu wa masomo ya mchana ao mama wa soko ana kazi nyingine saa hizo. Akilazimisha, vyote viwili vitaharibika.

Swingi. Oda inakaa siku kadhaa, hata majuma mawili. Mutu anaangalia bei asubuhi na jioni, basi. Inaendana na mwenye kazi ya kila siku na roho ya utulivu, anayeweza kuona hasara ndogo bila kukimbilia kufunga. Broka anaweza kuomba riba kwa kila usiku oda inalala wazi.

Muda mrefu. Oda inakaa miezi. Mutu anafuata maamuzi ya benki kuu na hali ya uchumi wa inchi. Inaomba kusoma sana, uvumilivu, na feza ambayo nyumba haitaihitaji karibuni.

Tabia peke yake haitoshi

Hata mvumilivu anaweza kushikwa. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha kuzuia franka yake isipande juu ya ero. Katika dakika chache franka hiyo iliruka kwa asilimia karibu 30. Watu waliokuwa wameweka oda ya kusimamisha hasara waliona imetekelezwa mbali sana na bei waliyoandika, na wengine walibaki na deni kwa broka.

Deni lilitoka wapi? Broka anamruhusu mteja kucheza na feza nyingi kuliko aliyoweka. Mwenye dola 50, kwa kipimo cha mara 100, anashika oda ya dola 5 000. Bei ikienda kinyume kwa asilimia 1 tu, dola 50 zimekwisha. Mwaka wa 2018 wasimamizi wa masoko ya Ulaya waliona kwamba konti 74 mpaka 89 kwa kila 100 za watu wa kawaida zinapoteza feza katika biashara za aina hii. Kwa feza kubwa za dunia walishusha kipimo mpaka mara 30.

Kujipima mbele ya kuweka feza

Broka wengi wanatoa konti ya mazoezi, yenye feza isiyo ya kweli. Mutu aitumie miezi mitatu, na kaye pembeni. Kwa kila oda aandike saa, sababu ya kuifungua, sababu ya kuifunga, na vile alikuwa anajisikia. Kisha oda 30, kaye itamuonyesha: anafunga faida haraka kwa woga? Kisha hasara, anaongeza oda kwa hasira? Mwenye hasira asiende ku skalpingi. Mwenye haraka, muda mrefu utamchosha. Na kama kila namna inamunyima usingizi, anaweza kuacha bila haya.

Akiingia kwa kweli, aingie na feza ambayo ikipotea watoto watabaki masomoni. Minerval, feza ya likirimba ao ya AVEC, si feza ya kujifunzia. Kupoteza ya kikundi kunavunja pia jina la mutu mbele ya majirani.

Tena, anayesema "nipe dola 100, nitakufanyia tredingi, kila mwezi utapata faida" haongelei namna yoyote kati ya hizi ine. Wazee wanakumbuka Bindo ya Kinshasa, iliyoanguka mwaka wa 1991 na feza za watu wengi. Wakati huo hakukuwa tredingi ku simu, lakini ahadi ilikuwa ileile.