Miti ya shuruti na miti ya moyo
Historia fupi ya utunzaji wa miti kwetu Rugenge



Siku za yubile watu huhesabu ubatizo, ndoa na wana wa paroki waliopewa upadri. Sisi twapenda kuhesabu na miti. Anayesimama Rugenge huona Ziwa Tanganika upande wa mashariki, na nyuma yake milima ya Mitumba. Mji wa Uvira umebanwa katikati, juu ya udongo ulioletwa na mito kama vile Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira. Mchanga tunaojengea ulitoka mlimani. Kwa hiyo habari za miti ya mlimani ni habari za nyumba zetu.

Wakati wa Wabeligiji, kazi ya miti iliingia kwa mlango wa shuruti. Sheria ya mwaka wa 1917, na tena ile ya 1933, ziliwalazimisha wanavijiji kufanya kazi zilizoamriwa hadi siku 60 kwa mwaka. Katika Kivu watu walichimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko na kupanda miti mbele ya macho ya kapita, aliyekataa aliadhibiwa. Uhuru ulipofika mwaka wa 1960, mahali pengi mifereji iliachwa ikajaa udongo. Watu hawakuuchukia mti. Walichukia fimbo iliyokuja pamoja nao.

Katika miaka ya 1970 serikali ya Zaire ilileta salongo. Jina lilikuwa la Kiafrika, lakini wengi walilitii kwa hofu tu. Kisha zikaja taabu kubwa zaidi. Tangu mwaka wa 1993 ndugu wa Burundi, na mwaka wa 1994 wale wa Rwanda, walikimbilia kwetu na katika bonde la Ruzizi, hata mwaka wa 1996 walikuwa zaidi ya 200,000. Walihitaji kuni, nasi tulihitaji kuni. Mwaka huo vita vikaanza. Hatumlaumu mtu: mama anayepikia watoto wenye njaa hawezi kungoja mche ukue. Lakini mlima ulibaki uchi, na biashara ya makala haikukoma.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, na watu zaidi ya 70,000 wakaathirika. Tusidanganyane: mvua ilikuwa kali, na wengi wetu tulikuwa tumejenga karibu mno na mto. Miti peke yake isingezuia yote. Lakini mahali penye mizizi maji hunywewa na udongo. Mahali penye uchi hushuka mbio, yakibeba mawe.

Sasa tumejifunza nini? Kwamba kupanda si kutunza. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja, tena yenye wimbo na picha. Kutunza ni kazi ya miaka miwili au mitatu: kumwagilia mche wakati wa kiangazi, kuuzungushia miiba mbuzi wasiule, kupalilia, na kufyeka nyasi kando yake kabla moto wa mlimani haujafika. Kazi hiyo ya mwezi wa Agosti hakuna kapita awezaye kuilazimisha, na ni mara chache kupata mtu wa kuilipia. Hufanywa na anayependa. Kule Kenya, akina mama waliokusanywa na Wangari Maathai tangu mwaka wa 1977 walipewa kitu kidogo kwa ajili ya mche ulioishi, si kwa ule uliopandwa tu. Hesabu yao ilikuwa ya haki.

Injili ya Luka yatueleza juu ya mtini usiozaa. Mwenye shamba alitaka ukatwe. Mtunzaji akauombea mwaka mmoja, apate kuupalilia na kuutilia mbolea. Hakuna aliyemwamuru. Alijitolea.

Basi twaomba kila shirika lichague miti yake, hata kama ni mitano: mwembe, mwavoka, grevilea au mwarobaini. Tuandike majina ya watakaoitunza, na kila mwaka, kiangazi kinapokwisha, tuhesabu iliyo hai. Watoto wetu watakaofanya yubile ijayo waikute imesimama, nao wakae kivulini mwake, chini ya mlima usiowatisha tena.