«Nasikia»: neno moja, masikio na roho

GOMA – Mtu wa hapa kwetu akikuambia «nasikia leo haitakuwa muzuri», bado hujajua kitu. Pengine jirani amemwambia sokoni. Pengine hakuna aliyemwambia chochote, ni roho yake tu inayokataa. Kwa Kiswahili chetu, yote mawili ni kusikia. Na katika mji ambako jamaa hufunga mizigo kwa sababu ya neno moja, inafaa tujue neno hilo linabeba nini.

Kusikia ni neno la kale la Kibantu, ndugu ya sikio. Lakini halikubaki kwenye sikio. Tunasikia njaa, baridi, uchungu, harufu, woga. Mtoto asiyesikia si kiziwi, ni mkaidi. Ndiyo maana wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Huko pwani, Zanzibar na Mombasa, watu nao husikia njaa na harufu. Ila wao wana neno lingine lililotoka kwa Waarabu: kuhisi, yaani kutambua au kudhani jambo bila kuambiwa. Tanzania, mtu akishtuka moyoni bila sababu, husema machale yamemcheza.

Kiswahili kilifika Congo ya mashariki karne ya 19, pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani waliofika Kasongo na Nyangwe, kule Maniema. Leo ni moja ya lugha nne za taifa letu. Kilikuta watu ambao katika lugha zao kusikia kwa sikio na kusikia moyoni ni neno moja. Kinyarwanda husema kumva. Lingala husema koyoka. Basi si ajabu kwamba «kuhisi» tunalikuta zaidi vitabuni na redioni, na nyumbani tunasema tu: nasikia mu roho.

Je, roho ina haki? Tukumbuke Nyiragongo. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, volkano ililipuka bila wakaaji kuonywa mbele. Wengi hawakungoja tangazo. Waliona anga jekundu, wakakumbuka Januari 2002, moto ulipopita katikati ya mji hadi ziwani, wakashika njia ya Sake na ya Gisenyi. Lava ilifika Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Tarehe 27 Mei ndipo serikali iliamuru watu wa mitaa 10 kati ya 18 wahame. Mlipuko wa pili haukuja, na mwezi wa Juni watu wakaanza kurudi.

Kwa hiyo roho ya mtu aliyekwisha kukimbia si ya kuchekwa. Inakumbuka. Jamaa zilizotoka Rutshuru, Masisi na Nyiragongo tangu 2022, zikalala Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, zinajua maana ya kuamka usiku kwa sababu ya ukimya tu.

Hatari iko mahali pengine. Mama anasema «nasikia watakuja», akimaanisha roho yake. Jirani anapeleka: «nimesikia watakuja». Wa tatu anasema: «wamesema watakuja». Hakuna aliyedanganya, lakini woga wa mtu mmoja umekuwa habari, na kufika jioni njia imejaa watoto na magodoro.

Dawa yake ni swali dogo, la heshima, ambalo kila mmoja wetu anaweza kuuliza: «Mama, umesikia kwa sikio ao kwa roho?»

Akijibu kwa sikio, muulize ni nani aliyesema, na ni nani aliyeona. Akijibu kwa roho, usimcheke. Kaa naye, mutayarishe karatasi zenu, maji na viatu vya watoto. Lakini ukipeleka neno lake mbele, lipeleke vile alivyolisema: ni roho ya mama iliyosikia.