Silibwet: Njia Aliyoichora Punda

Ukitoka sokoni Silibwet ukateremkia bonde la mto Nyangores, utagundua njia haina haraka. Inalikwepa jiwe, inapinda ili mteremko usiwe mkali, kisha inarudi ilikotoka. Hakuna mpima ardhi aliyepiga kigingi hapa. Aliyeichora ni punda, sigiriet kwa Kikipsigis, mitungi minne ya lita 20 ikimning'inia ubavuni. Ukibebeshwa kilo 80 hushindani na mlima. Unautafuta ubavu wake ulio mpole.

Reli haikufika huku; ilipita kaskazini, Lumbwa (leo Kipkelion), mwaka 1901. Mashamba makubwa ya chai yalipopandwa Kericho miaka ya 1920, barabara nzuri zilifuata mashamba hayo. Mkulima mdogo alibaki na vijia vyake. Hata baada ya KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, kuanzishwa mwaka 1964, lori la kiwanda lilifika kituo cha kununulia majani, halikufika mlangoni. Chai ilitoka shambani kwa mgongo wa mama. Maji, mahindi na kuni kwa mgongo wa punda.

Kisha ikaja Black Mamba, baiskeli ya chuma, nzito, gia moja, breki za vyuma vinavyofyatuka ukizihitaji zaidi. Kwenye kilima chekundu kilichonyeshewa, breki ya kweli ni soli ya kiatu. Nacheka nikisoma kwamba mchezo wa baiskeli za milimani ulizaliwa California, ambako mwaka 1976 vijana wa Marin walianza kushindana kuteremka kwa baiskeli kuukuu za gia moja, breki zikichemka hadi grisi inatoka moshi. Wao waliteremka kwa raha. Huku mtu aliteremka na debe la maziwa, na likimwagika hakuna wa kumpigia makofi.

Kule Alpi, njia za nyumbu zilizochongwa na majeshi ya Italia na Austria wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia leo hutumiwa na waendesha baiskeli. Kwetu mchezo umeanza kuzoeleka: tangu 2021 mbio za Migration Gravel Race zinapita nchi ya Mara, huko huko yanakoelekea maji ya Nyangores.

Aliyechora njia ndiye anayetoweka. Kodi ya pikipiki ndogo ilipoondolewa mwaka 2008, bodaboda ikamnyang'anya mizigo. Mwaka 2016 vikafunguliwa vichinjio vya punda, ngozi zikielekea China kutengenezewa ejiao, dawa ya jadi ya huko, na wizi wa punda ukaenea. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 nchini Kenya, ya 2019 ikakuta karibu milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaizuia biashara ya ngozi za punda barani kote. Tunasema shukrani ya punda ni mateke. Safari hii mateke yalikuwa yetu.

Nilipoijaribu njia ile kwa baiskeli ya kuazima, gurudumu la mbele liliteleza konani nikaangukia kwenye michai. Mama aliyekuwa akichuma hakuacha kazi.

"Chamgei, kijana wangu. Hapo usikate kona. Pitia huku juu, punda hupita huku."

Nikainuka, nikatazama. Kweli, kwato zilikuwa huko juu.