Ukilala, nani atashika usukani?

Maji ya Meru na Embu huingia Mto Tana na mwisho wake ni baharini, Kipini. Watu nao hushuka. Rafiki zangu wawili, mmoja wa Meru na mwenziwe wa Embu, wamenunua mashua ya matanga huku Kilifi na wanataka kwenda Shelisheli. Wameniuliza: tununue usukani gani wa upepo? Jibu hili litawafaa na wengine.

Kutoka Kilifi hadi Mahé ni karibu maili 950 za baharini. Kwa maili tano kwa saa, ni siku nane, usiku na mchana. Watu wawili hawawezi kushika kana muda wote huo. Uchovu ukizidi, mtu husinzia na chombo hupanda mwamba.

Kifaa hiki hakitaki umeme. Bapa jepesi hufungwa tezini na kuelekezwa kwenye upepo. Mashua ikipotoka, upepo hulilaza bapa, nalo husababisha usukani kugeuka. Mwingereza Blondie Hasler alivuka Atlantiki peke yake mwaka 1960 akitumia kifaa cha namna hii alichokibuni mwenyewe. Lakini kumbukeni, kinafuata upepo, si dira. Upepo ukigeuka, na nyinyi mmegeuka. Zamu ya kuangalia haiondoki.

Aina kubwa ni tatu.

Ya kwanza ina kasia linaloning'inia majini. Bapa hulipinda kasia, maji yanayopita hulisukuma pembeni, na kamba zilizopita kwenye makapi huvuta kana. Nguvu yake ni kubwa, na huongezeka mwendo ukiongezeka. Upepo mchanga wa nyuma huidhoofisha. Haipendi gurudumu la mafuta.

Ya pili ina usukani wake yenyewe, na ule mkubwa hufungwa. Hii inafaa chombo chenye gurudumu la mafuta, na usukani mkubwa ukivunjika mna wa akiba. Ila ni nzito, na mashua kubwa huweza kuishinda nguvu.

Ya tatu ni kibao kidogo nyuma ya usukani ulioning'inizwa nje ya tezi. Ni rahisi, na fundi hodari anaweza kuitengeneza.

Mashua yao ina kana. Kwa hiyo nawashauri aina ya kwanza, na kifaa kidogo cha umeme kwa wakati wa injini au shwari. Wapime upana na uimara wa tezi kwanza, na wahakikishe paneli za jua hazizibi upepo. Wabebe kamba za akiba, kwani husagika, na bapa la pili.

Kabla ya kulipa, waende nje ya mkondo siku moja, wapunguze tanga mpaka kana iwe nyepesi mkononi. Chombo kinachovuta upande mmoja hakuna kifaa kitakachokinyoosha.

Chombo cha kuzama hakina usukani, walisema wazee. Chao kiwe nao, na wao wapate usingizi.