Picha Zilizotoka Nyumbani

Ndugu zangu wana-Tunduru,

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nakagua hesabu za kampuni moja Dar es Salaam. Kwenye daftari la mali za kudumu, chini ya jokofu na meza ya mikutano, palikuwa na mstari huu: "Picha ya ukutani, Tingatinga, 1." Nikaenda kuihakiki. Ilikuwa picha ya chui mwenye macho makubwa na madoa mengi. Nikaweka tiki. Mzee mmoja wa ofisi ile, mtu wa kusini, akaniuliza, "Huyu si wa kwenu?" Nina shahada ya uhasibu, nimesoma hadi sekondari nikiwa nyumbani, na sikujua.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani kwetu, upande wa Nakapanya. Baba yake alikuwa Mngindo Mwislamu, mama yake Mmakua Mkristo, jambo ambalo kwetu halishangazi mtu. Kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, aliondoka kwenda Tanga kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Kutoka huko akaingia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani kwa Mzungu na vibarua vya kila aina.

Alianza kuchora mwaka 1968 hivi, akiwa ameshavuka miaka 35. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alikata mbao nyembamba za dari vipande vya mraba, akanunua rangi ya kupakia baiskeli, akachora wanyama, ndege na watu wa kijijini. Picha zake zikauzwa nje ya maduka ya Oysterbay, ambako wageni walifika kununua mahitaji. Kazi ilipoongezeka alifanya kama afanyavyo kila mtu wa kwetu akipata nafasi mjini: aliita ndugu na jamaa. Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah na Omari Amonde walijifunza kwa kukaa naye, mmoja akipaka rangi ya chini, mwingine akimalizia madoa.

Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora pamoja, na mwaka 1990 kikundi chao kikawa chama cha ushirika, ambacho hadi leo kina nyumba ya maonyesho palepale Oysterbay. Picha alizochora mwenyewe ziko kwa wakusanyaji wa Ulaya na Japani, na bei zake ni za kununulia nyumba. Jina la ukoo mmoja wa Tunduru limekuwa jina la aina ya uchoraji duniani kote.

Lakini kila ninapokuja likizo sijawahi kuona hata picha moja ya aina hiyo imetundikwa mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kuingia akaitazama.

Na si uchoraji peke yake. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka sikukuu za Idd na Krismasi, tulipopanga foleni kwa mpiga picha. Nyuma yetu lilining'inizwa pazia lililochorwa ndege au bahari na minazi, kazi ya mchoraji wa mabango wa hapohapo mjini. Filamu ilisafirishwa kwenda kusafishwa, nasi tukangoja wiki nyingi kuona kama tumefumba macho. Kwenye picha zile mna nguo, vitanda vya mgonjwa wa harusi, nyumba za nyasi zilizogeuka za bati, sura za wazee waliolima korosho na vijana waliokimbilia madini miaka ya tisini. Hiyo ndiyo historia ya wilaya yetu, na mingi ya mikono iliyoipiga haikuandikwa jina popote. Albamu ya mama yangu imeliwa na mchwa. Zimebaki picha nne.

Kwa hiyo naunga mkono pendekezo la kutenga chumba kimoja katika ukumbi wa jamii kiwe cha maonyesho. Upande mmoja zitundikwe picha za zamani: kila familia ilete moja au mbili, zinakiliwe, na ya asili irudishwe kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Upande wa pili vijana wanaochora mabango na kuta za maduka, na wanaopiga picha kwa simu na kamera, waweke kazi zao zikiwa na jina na bei.

Mimi ni mtu wa hesabu, nisingependa tuanze bila daftari. Kila picha iandikwe imetoka kwa nani, kila mauzo yapewe risiti, na hesabu zisomwe kwenye mkutano mkuu. Kazi hiyo nitaifanya bila malipo.

Mchango wako utaweka madirisha, taa na fremu. Kabla hujautuma, fungua sanduku la nyumbani kwanza. Waulize wazee waliomo kwenye picha ni akina nani, uandike majina nyuma kwa penseli. Hilo halihitaji fedha, ila halitangoja sana.