Humiki, kirusi cha herpes na vifaranga vyako

Mfugaji mwenzetu mmoja alinipigia simu. Anataka kuweka humiki, ile dawa nyeusi tunayomwagia mboga, kwenye maji ya vifaranga ili wasipate Marek. Dukani ameambiwa "inaua virusi". Kabla ya kumjibu, tuone maneno hayo yametoka wapi.

Mwaka 1786 mkemia Mjerumani, Franz Carl Achard, alichukua udongo mweusi wa kinamasi, akautia alkali, akapata maji meusi. Hiyo ndiyo asidi ya humiki. Ulaya ya Kati watu pia walizoea kuoga tope la vinamasi kama tiba. Mwaka 1972 watafiti wawili wa Erfurt, Ujerumani Mashariki, R. Klöcking na M. Sprössig, wakaandika kwamba asidi hizo huzuia baadhi ya virusi.

Tatizo likabaki moja: udongo wa kinamasi hiki si sawa na wa kile, hivyo ni vigumu kujua umepima nini. Ndipo wakatengeneza humiki ya maabara kwa kutumia viini vya mimea vinavyojulikana, mfano asidi ya kafeiki iliyomo kwenye kahawa. Viini hivyo vikioksidishwa huungana na kuwa vyeusi, karibu kama ndizi mbichi inavyobadilika rangi ukishaimenya. Mwaka 1997 kundi hilo lilionyesha kwamba humiki hiyo huzuia herpes simplex aina ya 1, kirusi cha vidonda vya midomo, kwenye seli za maabara.

Siri yake ni chaji hasi nyingi. Chaji za namna hiyo ndizo zinazofanya mboji ishike potasiamu shambani. Kwenye seli, humzuia kirusi kujishikiza. Kazi yake ni mlangoni tu. Kirusi akishaingia, umechelewa. Na herpes akiingia hujificha mwilini maisha yote.

Sasa jibu. Marek nayo inaletwa na kirusi cha jamii ya herpes, lakini sahani ya maabara si tumbo la kifaranga, na humiki ya dukani imetengenezwa kwa ajili ya udongo. Kinga ya Marek ni chanjo ya siku ya kwanza. Kwa hiyo:

- Uliza kama vifaranga wamechanjwa kabla hujalipa.
- Tenga vifaranga na kuku wakubwa.
- Ondoa vumbi la manyoya bandani. Kirusi husambaa humo.

Humiki yako ipeleke bustanini.