Kumbukumbu ya Deni kati ya Kibabii na Kitale

Historia ya mikopo katika nchi inayoanzia Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, hadi mashamba ya mahindi ya Kitale, ni historia ya nani aliyeshika kumbukumbu za mdaiwa, na kwa muda mrefu mdaiwa mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuzitazama. Sheria ya kikoloni ya 1926 ilizuia mfanyabiashara kumdai Mwafrika mahakamani deni lililozidi shilingi 200, isipokuwa mkataba uwe umeshuhudiwa na ofisa wa serikali. Ingawa ilitetewa kuwa ni kinga dhidi ya madeni mazito, matokeo yake yalikuwa kufunga mlango wa mkopo, kwa kuwa hakuna muuza duka aliyetaka kukopesha fedha asizoweza kuzidai. Wakati huohuo walowezi wa Trans Nzoia, eneo la Kitale, walikuwa na hatimiliki, yaani hati rasmi ya kumiliki ardhi, na Benki ya Ardhi iliyoundwa 1931 iliwakopesha kwa rehani ya mashamba hayo; kuanzia 1942 serikali iliwapa pia malipo ya awali kwa kila ekari ya mahindi. Mkulima wa Kibukusu wa upande wa Bungoma, aliyelima ardhi ya ukoo isiyo na hati, alidhaminiwa na jina lake tu miongoni mwa waliomfahamu.

Mpango wa Swynnerton wa 1954, wa serikali ya kikoloni, uliigeuza ardhi hiyo kuwa dhamana kwa kuigawa na kuisajili kwa majina ya watu binafsi. Baada ya uhuru Shirika la Fedha za Kilimo liliendeleza mikopo ya mashamba, na Kampuni ya Sukari ya Nzoia, iliyoanzishwa 1975, ilileta deni la aina nyingine: gharama za kulima, mbegu na mbolea zilikatwa katika malipo ya miwa, nayo hesabu ikaandikwa na kampuni yenyewe, hivi kwamba mkulima aliijua baada ya kuvuna.

Mabenki nayo hayakupashana habari za wadaiwa wao. Mkopaji aliyeshindwa kulipa katika benki moja aliweza kukopa katika nyingine, na mikopo isiyolipika ilichangia kuanguka kwa baadhi ya mabenki ya Kenya katika miaka ya 1980 na 1990. Ndipo zilipotungwa kanuni za 2008 za kupashana habari hizo, na mwaka 2010 Benki Kuu ikatoa leseni ya kwanza kwa taasisi ya kumbukumbu za mikopo, ile ambayo wananchi huiita CRB. Mwanzoni zilipelekwa habari za wasiolipa peke yao, jambo lililoifanya CRB ionekane kama jela. Kanuni za 2013 ziliongeza habari za wanaolipa vizuri. Hata hivyo, mikopo ya simu iliyoenea baada ya huduma ya M-Shwari kuanza Novemba 2012 iliingiza katika kumbukumbu hizo deni dogo kabisa, mpaka Aprili 2020, kanuni mpya zilipokataza kuorodhesha deni la chini ya shilingi 1,000 na kuwazuia wakopeshaji wasiosimamiwa kupeleka majina ya watu.

Lililo jipya zaidi katika mabadiliko haya ni haki ya mkopaji kusoma kilichoandikwa juu yake, na haki hiyo haijatangazwa vya kutosha. Aliyenyimwa mkopo kwa sababu ya kumbukumbu hizo anastahili kuelezwa hivyo, kisha kuomba ripoti yake bila malipo, ambayo pia hutolewa bure mara moja kwa mwaka. Ripoti huonyesha nambari ya kitambulisho, kila mkopo, siku za ucheleweshaji na taasisi zilizouliza habari zake. Palipo na kosa, kwa mfano deni lililolipwa lakini likaachwa kama bado lipo, mwenye jina hupeleka pingamizi kwa CRB, nayo humtaka mkopeshaji athibitishe au asahihishe. Kulipa hakufuti: deni lililowahi kushindikana hubaki miaka 5 baada ya kulipwa, likiwa na alama kwamba limelipwa, na wengi hudhani wameonewa kwa kutolijua hilo.

Kwa wahitimu wa Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake 2015, jambo hili lina uzito wa pekee. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, huingia katika kumbukumbu hizo inapokosa kulipwa, na kwa kuwa waajiri wa umma wamekuwa wakidai cheti cha CRB, mhitimu aweza kuzuiliwa kupata kazi kwa deni ambalo mshahara wa kazi hiyohiyo ndio ungelilipa.